Makaa ya Gugu Maji Kushindana na Platini

Katika chama chetu kuna wale wanaoshikilia ati Kiswahili ni cha mashairi na ngonjera tu, kemia iachiwe Kiingereza. Mimi nimeonelea heri niwajibu kwa vitendo. Leo nitaeleza jinsi takataka za mimea zinavyogeuzwa kuwa kichocheo cha seli ya mafuta. Atakayekwama njiani anitafute maktabani.

Tuanze na hiyo seli. Jina lisikupoteze, haina petroli wala mafuta ya kupikia. Ni chombo kinachokutanisha haidrojeni na oksijeni bila kuwasha moto, kikatoa umeme, maji na joto kidogo. William Grove wa Uingereza alikuwa na wazo hili tangu mwaka wa 1839. Vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini vilipata umeme kwa seli za aina hii, na wanaanga wakanywa yale maji!

Ndani yake mna pande mbili. Upande wa kwanza haidrojeni huvuliwa elektroni. Elektroni hizo hupita kwenye waya, na huo ndio umeme wenyewe, kisha hufika upande wa pili kukutana na oksijeni. Matata yako hapo. Molekuli ya oksijeni ni atomu mbili zilizoshikana kwa kifungo maradufu, na kuzitenganisha si mchezo. Bila kichocheo kazi huenda polepole mno. Kichocheo kinachosifiwa sana ni platini, madini ya kutengenezea pete za matajiri, na sehemu kubwa yake huchimbwa Afrika Kusini. Ukitaka seli ya bei nafuu, lazima umpunguze huyo bwana platini au umfukuze kabisa.

Mwaka wa 2009 kundi la Liming Dai huko Marekani lilionyesha kwamba kaboni iliyotiwa naitrojeni yaweza kuifanya kazi hiyo katika mmumunyo wa alikali. Siri yake ni hii: naitrojeni ina uroho wa elektroni kuliko kaboni. Ikiketi kati ya atomu za kaboni, huzivuta elektroni za jirani zake. Jirani hao hubaki na chaji chanya kidogo, na oksijeni ikipita hunaswa papo hapo.

Sasa, kaboni na naitrojeni tutazipata wapi pamoja kwa bei ya bure? Kwenye mimea, jamani! Mwaka wa 2015 watafiti wa China walichapisha matokeo yao kuhusu gugu maji, adui yule yule anayewafungia wavuvi njia katika Ghuba ya Winam. Mmea huu hunenepa kwa kufyonza naitrojeni ya mbolea na maji machafu yanayoingia ziwani. Kumbe uchafu unaoulisha ndio unaoupa thamani.

Waliuchanganya na kloridi ya zinki, wakauchoma kwa digrii kati ya 600 na 800 za sentigredi. Ule wa digrii 700 ndio uliofanya kazi vizuri zaidi. Mchomo wenyewe hauhitaji hewa ya kawaida. Kila mchoma makaa analijua jambo hili, ndiyo maana hufunika tanuri lake kwa udongo. Oksijeni ikiingia, kaboni yote hutoroka kama moshi na hewa ya kaboni, nawe unabaki na majivu.

Najua kuna mtu atauliza, "Je, makaa ya sigiri si kaboni? Mbona jikoni kwa mama hakutoki umeme?" Swali zuri. Makaa ya mti yana naitrojeni kidogo sana, na vitundu vyake ni vichache. Kloridi ya zinki ndiyo inayotoboa. Gramu 1 ya kaboni ile ya gugu maji ilikuwa na eneo la karibu mita mraba 950, ukihesabu kuta za vitundu vyote. Kiwanja cha kandanda cha mita 105 kwa 68 ni mita mraba 7140. Basi gramu 8 hivi, unga wa kujaa kiganjani, zinakitandika kiwanja kizima! Oksijeni hukosaje pa kunaswa?

Lakini tusipige vigelegele mapema. Matokeo hayo mazuri yalipatikana katika alikali, na seli nyingi zinazoendesha magari ya haidrojeni hutumia utando wenye asidi, ambamo kaboni za namna hii huchoka upesi kuliko platini. Tena digrii 700 hazipatikani bila kuni au stima. Na ile zinki baada ya kuoshwa na asidi lazima ikusanywe na kutumiwa tena, maana ikimwagwa mtaroni itarudi ziwani kwa samaki, na samaki hao ndio tunaokula na ugali Jumatano.