Pesa za Inua Jamii na Maneno ya Mabarazani

Siku pesa za Inua Jamii zinapoingia, Mwembe Tayari hujua mapema. Wazee huonekana asubuhi wakielekea benki na kwa mawakala, wengine wakiongozwa na wajukuu, wengine kwa mikongojo, kitambulisho kimefungwa kwenye ncha ya leso. Maneno nayo huanza. Hawa wanalishwa na serikali. Wamezoea vya bure. Yule ana watoto wanaofanya kazi, anatafuta nini? Husemwa kwenye baraza za kahawa, ndani ya matatu, hata kwenye foleni yenyewe, na mara nyingi husemwa kwa sauti ya kutosha kumfikia anayesemwa.

Ni vyema kuanza na kiasi. Malipo ya Inua Jamii ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa miaka mingi yalikuwa yakitolewa ya miezi miwili kwa pamoja. Ukigawanya kwa siku, ni kama shilingi 66. Hiyo ni chai na mahamri mawili matatu, na mbaazi ukipata za bei nafuu. Kodi ya chumba haimo, dawa ya presha haimo. Kiwango hicho kimebaki hapo hapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, na kila mwenye kwenda sokoni anajua bei za unga, mafuta na sukari zimekwenda wapi tangu wakati huo. Anayesema kuna mtu ameacha kazi ili aishi kwa shilingi 66 kwa siku hajakaa akapiga hesabu.

Mpango huu haukuzuka juzi. Mwaka 2004, wakati UKIMWI ulikuwa umeacha watoto wengi bila wazazi, serikali kwa msaada wa UNICEF ilianza kwa majaribio kuzipa pesa familia zilizowalea yatima, katika Garissa, Nairobi na jirani zetu wa Kwale. Baadaye ukafuata mpango wa wazee, kisha mwaka 2011 wa watu wenye ulemavu mkubwa, wale wanaohitaji mtu wa kuwahudumia saa zote. Mwaka 2018 mlango ulifunguliwa kwa wazee wa miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni. Leo yote haya yana msingi katika Katiba ya 2010. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii, na kinaitaka serikali kuwasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 57 kinataja wazee: waishi kwa heshima, na wapate matunzo ya familia zao pamoja na ya serikali. Neno "pamoja" hapo lina uzito. Katiba haikusema serikali isaidie pale tu mtoto wa mzee ameshindwa, wala haikumwondolea mtoto wajibu wake.

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba watu hawa hawakuchangia chochote. Hapa Mwembe Tayari lawama hiyo inashangaza kidogo, kwa sababu mtaa huu umejengwa na migongo ya watu. Hamali waliopakia na kupakua mabasi ya bara, wasukuma mikokoteni waliofikisha vitunguu na viazi Marikiti, akina mama waliokaanga viazi karai na kuuza kwa vibarua wa bandarini: hao ndio wazee wa leo. Hazina ya NSSF iliundwa mwaka 1965, lakini kwa miaka mingi ilimhusu hasa aliyeajiriwa na mwajiri aliyemkata na kumpelekea. Hamali hakuwa na mwajiri wa namna hiyo. Alilipwa kwa gunia, jioni akaenda na chake nyumbani. Alipochoka mgongo, hakukuwa na kitabu chochote kilichoandika miaka 40 aliyobeba.

Upande wa pili, watumishi wengi wa serikali kuu walikuwa wakipata pensheni bila kukatwa mchango wowote kwenye mshahara wao, na ilitoka moja kwa moja kwenye mfuko mkuu wa serikali. Mchango ulianza kukatwa Januari 2021 tu, mfumo mpya ulipoanza. Hakuna aliyewahi kumwita mwalimu mstaafu ombaomba, na ni sawa asiitwe, kwani aliifanya kazi yake. Lakini pesa zake na za hamali zinatoka katika kapu moja, na kapu hilo hujazwa na kodi. Bibi anaponunua kipande cha sabuni hulipa kodi ya VAT ya asilimia 16, sawa na anayolipa mwenye ghorofa kwa sabuni hiyo hiyo.

Katika Barabara ya Jomo Kenyatta iko sanamu ya ukumbusho wa askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapita njia wengi hawaiangalii tena. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita hivyo, wengi kwa maradhi na njaa, na mishahara ya wengi wao haikufika kwa familia zao. Ni kisa cha zamani, na deni hilo si la serikali ya leo. Lakini kinaonyesha kwamba mtu anaweza kufanya kazi nzito kuliko zote na bado asionekane popote kwenye vitabu vya malipo.

Lawama ya pili ni matumizi: eti pesa zinaishia kwenye pombe, miraa na sigara. Jambo hili limechunguzwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya tafiti za mipango ya namna hii kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na kwa jumla hawakuona matumizi ya pombe na tumbaku yakiongezeka. Kule Rarieda, kaunti ya Siaya, ambako shirika moja liligawa pesa bila masharti yoyote, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulifikia jibu kama hilo. Na katika mpango wetu wenyewe wa yatima, ambao ulifuatiliwa kwa miaka katika wilaya kadhaa Kwale ikiwemo, nyumba zilizopokea pesa zilipeleka watoto wengi zaidi sekondari, na wasichana wachache zaidi walipata mimba za mapema. Mlevi mmoja wa mtaani hujulikana na kila mtu. Mjukuu aliyebaki shuleni hakuna anayemhesabu.

Iko sababu nyingine inayofanya macho ya jirani yadanganyike, nayo ni kuchelewa kwa malipo. Pesa za miezi miwili zinaweza kuja baada ya minne. Katika miezi hiyo mzee hula kwa daftari la dukani: nusu kilo ya unga, mafuta ya kupimiwa, mche wa sabuni, vyote vikiandikwa. Siku malipo yanapoingia, mwenye duka hulipwa kwanza. Kinachobaki ndicho kinachoonekana, na kama ni kuku wa kuwapikia wajukuu, mtaa mzima utamwona kuku. Siku za deni hakuna aliyeziona. Hukumu inatolewa kwa siku moja, na kwa bahati mbaya ni siku ambayo mzee alikuwa amefurahi.

Lugha yetu ina neno mahususi kwa hali hii: masimbulizi. Ni kumpa mtu kisha kumkumbusha kila mara kwamba ulimpa. Wazee wa Mji wa Kale wanalijua jambo hili hata kwa upande wa dini, kwa kuwa aya ya 264 ya sura ya Al-Baqara inaonya kwamba sadaka huharibiwa na masimbulizi na maudhi. Nchi nyingine zilifanya masimbulizi yawe sheria. Mwaka 1697 Bunge la Uingereza liliagiza maskini waliosaidiwa na parokia washonewe herufi P kwenye nguo zao, begani, ili kila anayepita awajue. Sheria hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100. Hapa kwetu hakuna herufi. Lakini kumpanga bibi mbele ya kamera akiwa amekumbatia pakiti ya unga, huku wagawaji wakitabasamu nyuma yake, hakuko mbali sana na kumshonea herufi. Hilo lawahusu wafadhili, wanasiasa na ofisi za umma kwa kiwango kile kile.

Si kwamba kila kitu ni safi. Majina ya waliofariki hubaki kwenye orodha. Wapo walioandikwa wakiwa na uwezo, na wapo maskini kabisa walioachwa nje. Mwananchi ana haki ya kuuliza, na mahali pa kuuliza papo: baraza ya chifu ambapo orodha hupitiwa, ofisi ya afisa wa ulinzi wa jamii, na Tume ya Haki ya Utawala ofisi ikikaa kimya. Orodha husomwa barazani kwa sababu hiyo hasa, majirani waseme aliyeingizwa isivyo halali na aliyesahauliwa. Jina likitajwa hapo na ushahidi wake, linafanyiwa kazi. Likitajwa kwenye baraza ya kahawa, linamuumiza tu mwenyewe, na mara nyingi si yeye aliyekosea.

Madhara ya maneno yanaonekana pia kwa wasiojitokeza. Yuko mzee wa miaka 74 anayekataa kuandikwa ili asiambiwe watoto wake wamemtupa. Wako wazazi wanaomweka ndani mtoto mwenye ulemavu, na chifu asipojua yupo, hawezi kumtaja. Nyumba kama hizo hazimo kwenye orodha yoyote, na zinahitaji msaada kuliko nyingi zilizomo.

Inua Jamii inaendeshwa na serikali ya kitaifa, si kaunti, kwa hiyo ofisi za wadi haziwezi kumwandika mtu wala kumlipa. Zinaweza kumwelekeza. Usajili unapotangazwa, mzee hupeleka kitambulisho chake kwa chifu au naibu wake. Kwa mwenye ulemavu mkubwa au yatima, mlezi ndiye hujitokeza, na huulizwa stakabadhi za anayemlea. Asiyeweza kutembea anaweza kuwa na mlezi aliyeandikwa rasmi wa kumpokelea, na ni bora jambo hilo lipangwe mapema kuliko kumbeba mgonjwa hadi benki. Jirani anayemjua mtu wa namna hiyo anaweza kumtajia mzee wa mtaa, kimya kimya. Usajili haulipiwi, na anayedai shilingi yoyote ili aandike jina aripotiwe.