Kumbukumbu na Sheria: Somo la Haki kutoka Misri hadi Arusha

Wahenga walisema, mwenye kovu usidhani kapoa. Kila taifa lina kovu lake, na kila mwalimu wa Historia hukabiliwa na swali moja: kovu hilo waonyeshwe watoto kwa shabaha gani? Likionyeshwa ili kuchochea kisasi, somo hugeuka sumu. Likifichwa, watoto hulipapasa wenyewe gizani. Makala haya yanakusudia kueleza njia ya tatu, yaani kufundisha jinsi kumbukumbu ya maumivu inavyoweza kuzaa sheria imlindayo hata yule asiye wa jamaa yetu. Mfano mkuu ni kumbukumbu ya Wayahudi. Mahali pa kuupimia ni pwani yetu hii, kutoka Mbegani na Kaole mpaka Bagamoyo mjini.

Shabaha

Baada ya vipindi vitatu, mwanafunzi wa sekondari aweze:
(a) kueleza jinsi masimulizi ya utumwa wa Misri yalivyofanywa sababu ya amri;
(b) kulinganisha amri hizo na sheria zilizofuta utumwa katika Unguja na Tanganyika;
(c) kueleza asili ya sheria ya mauaji ya kimbari na jinsi ilivyotumika Arusha.

Kipindi cha kwanza: Kumbukumbu inayoamuru

Mwalimu aanze na desturi. Kila mwaka, katika usiku wa Pasaka, jamaa ya Kiyahudi huketi mezani, na kwa kawaida mtoto aliye mdogo kuliko wote huuliza sababu ya usiku huo kuwa tofauti na mwingine. Wakubwa hujibu kwa kusimulia utumwa wa Misri, kila mmoja akijihesabu kana kwamba ni yeye mwenyewe aliyetoka huko. Sisi walimu tuitazame desturi hiyo kwa makini, maana hapo swali la mtoto ndilo linalofungua somo.

Masimulizi hayo hayaishii katika masikitiko. Katika Torati, utumwa wa Misri hutajwa mara kwa mara kuwa sababu ya amri. Mgeni asionewe. Masalio ya mavuno yaachiwe mgeni, yatima na mjane. Mtumwa naye apumzike siku ya Sabato. Mtumwa wa Kiebrania aachwe huru mwaka wa saba, wala asiondoke mikono mitupu, bali apewe sehemu ya mifugo, nafaka na divai. Hata hivyo mwalimu aseme kweli yote: amri hizo hazikufuta utumwa, na zilimpa mtumwa Mwebrania haki ambazo mtumwa wa kigeni hakupewa. Wanafunzi wakiliona pengo hilo, watafahamu kwamba kumbukumbu huianzisha haki, lakini haitoshi kuikamilisha.

Kipindi cha pili: Pwani yetu

Katika karne ya 19, Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara itokayo Ujiji kupitia Tabora, ikileta pembe za ndovu na watu waliotekwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa. Mkataba wa mwaka 1873 ulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Tangazo la mwaka 1897 lilifuta hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Bara, utawala wa Kijerumani haukuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta katika Tanganyika ilitungwa mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Sasa mwalimu agawe ubao sehemu mbili. Upande mmoja aandike: katika Torati, aachwaye huru hupewa mali. Upande wa pili: katika Unguja, kwa sheria ya 1897, fidia alilipwa bwana. Kisha aulize: kwa nini? Awape wanafunzi muda wa kujadiliana katika vikundi. Mazungumzo yaongozwe kuelekea jambo moja: amri ya kwanza husema kwa sauti ya watu wanaojikumbuka kuwa walikuwa watumwa, na tangazo la pili lilitungwa na watawala walioogopa mashamba ya karafuu kukosa wafanyakazi. Sheria hubeba kumbukumbu ya yule aliyesikilizwa ilipotungwa.

Hapa pana hatari, na mwalimu hana budi kuijua. Katika madarasa ya pwani hii huenda wakaketi dawati moja wajukuu wa waliotekwa, wa waliomiliki, na wa wapagazi wa Kinyamwezi waliokuja kwa ujira. Mwanafunzi asiulizwe kamwe ukoo wake mbele ya wenzake, wala asiruhusiwe kuutaja wa mwenziwe. Jina la Bagamoyo litumike kwa zoezi salama zaidi. Wengine huliona kuwa faraja ya mpagazi aliyetua mzigo, wengine huzuni ya mateka aliyekata tamaa. Wanafunzi waulizwe ni ushahidi gani ungehitajika ili kuamua. Ndivyo watakavyojifunza kwamba kumbukumbu na ushahidi ni vitu viwili, na kwamba mahakama huhitaji ushahidi.

Kipindi cha tatu: Kutoka Nuremberg hadi Arusha

Wanazi waliua Wayahudi wapatao milioni sita. Raphael Lemkin, mwanasheria Myahudi wa Poland, aliyepoteza ndugu 49, alibuni mwaka 1944 neno ambalo kwa Kiswahili twaliita mauaji ya kimbari. Mwenziwe Hersch Lauterpacht, aliyesoma sheria katika chuo kile kile cha Lwów, alisaidia kuingiza uhalifu dhidi ya ubinadamu katika mashtaka ya Nuremberg. Neno la Lemkin lilikuwamo katika hati ya mashtaka hayo, lakini hukumu ya mwaka 1946 haikulitaja. Hakukata tamaa. Tarehe 9 Desemba 1948, Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Tanzania ilijiunga nao mwaka 1984.

Mkataba huo haukuwataja Wayahudi peke yao; ulilinda kila kundi la taifa, kabila, rangi au dini. Ndiyo maana, Watutsi wa Rwanda walipouawa mwaka 1994, palikuwa na sheria ya kushika. Mahakama iliwekwa Arusha, na tarehe 2 Septemba 1998 ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba. Hiyo ndiyo hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo baada ya kesi kusikilizwa. Mahakama hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2015. Mwanafunzi makini atauliza: mbona sheria haikuyazuia mauaji yenyewe? Mwalimu asilikwepe swali hilo. Sheria iliyoandikwa hungoja watu wa kuisimamia mapema.

Kazi ya nyumbani

Ibara ya 13 ya Katiba yetu yakataza ubaguzi, na ya 25 yakataza kazi ya shuruti; sheria ya mwaka 2008 yakataza biashara ya binadamu. Kila mwanafunzi aandike ukurasa mmoja kujibu maswali haya: Katika kijiji au mtaa wako, mgeni ni nani leo? Ni sheria gani imlindayo? Ni nani anayekumbuka kwa nini sheria hiyo ilitungwa?