Swali Kabla ya Jibu: Somo kwa Wanafunzi wa Uhandisi



Ndugu zangu, Imam Bukhari amepokea kwa Abdullah ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwauliza Maswahaba kuhusu mti usiopukutisha majani, unaofanana na Muislamu. Mawazo yao yakaenda kwenye miti ya nyikani. Ibn Umar akahisi ni mtende, lakini akaona haya kusema. Mwishowe Mtume akawaambia kuwa ni mtende.

Tuzingatie mpangilio: swali, muda wa kufikiri, ndipo jibu. Katika madarasa yetu ya uhandisi mara nyingi ni kinyume. Kanuni huja kwanza, tunainakili, na swali hungoja chumba cha mtihani.

Ninapodurusu na wenzangu wa ujenzi, huanza na swali: boriti imelazwa juu ya nguzo mbili, je, nondo kuu zikae juu au chini? Kila mmoja huandika jibu kimya, humweleza jirani sababu yake, kisha huandika tena. Jibu ni chini, kwa sababu boriti ikilemewa huinama na upande wa chini huvutika. Zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Kisha nauliza kuhusu roshani iliyoshikiliwa upande mmoja tu. Hapo aliyekariri "chini" hukwama, kwani mvuto umehamia juu na nondo lazima ziufuate. Atakayeziweka chini atajenga roshani ya kuwaangukia watu, na roho za watu ni amana.

Njia hii aliianza Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwaka 1991. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichambua tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati. Kwa mihadhara mitupu walifeli takriban wanafunzi 34 katika kila 100. Waliposhirikishwa, takriban 22.

Tusingoje mitaala ibadilishwe. Vikundi vyetu vya kudurusu baada ya Isha vianze na swali moja, kila mtu ajibu kabla ya daftari kufunguliwa. Na mhadhiri akiuliza, tujibu. Ibn Umar alipomweleza baba yake alichokuwa amekiwaza, Umar (r.a.) alimwambia angefurahi zaidi lau angalikisema. Haya ni katika imani, lakini isitufungie mlango wa elimu.

Wabillahi tawfiq.