Daftari tupu la mtoto wa awali

Jioni begi la mtoto wa darasa la awali likifunguliwa, kinachotafutwa kwanza ni daftari. Kurasa zikiwa tupu, mzazi ananuna: "Kwani leo mmecheza tu?" Huenda wamecheza kweli, na huenda ndiyo siku waliyojifunza zaidi.

Chukua vizibo vya soda. Watoto wengi wa miaka minne au mitano hutaja namba moja hadi kumi kama wimbo, bila kukwama. Mwambie huyohuyo akuletee vizibo saba, atakuletea vilivyojaa kiganjani. Majina ya namba anayo, idadi bado. Ndiyo maana mwalimu humwacha aguse kizibo kimoja kimoja, kila kizibo na namba yake, kisha humuuliza: "Vyote vingapi?" Akianza kuhesabu upya, bado hajang'amua kwamba namba aliyoishia ndiyo jibu. Hapo hakuna njia ya mkato. Ni kurudia, leo vizibo, kesho mbegu, keshokutwa kuwagawia wenzake vijiti mpaka kila mmoja apate.

Kuandika nako huanzia mbali na penseli. Kufinyanga udongo, kutunga shanga na kuchana karatasi hukomaza misuli midogo ya vidole. Anayelazimishwa kujaza ukurasa mzima wa herufi kabla ya hapo hushika penseli kwa ngumi na kukandamiza mpaka karatasi inatoboka. Kwa kusoma, masikio hutangulia macho: hadithi, vitendawili, kupiga makofi kwa kila silabi ya jina lake. Mtoto anayesikia kwamba "baba" na "bata" huanza kwa sauti moja yuko mbele ya yule anayeimba irabu za ubaoni asijue ni za nini.

Mengine hayaingii daftarini kabisa: kunawa mikono, kusubiri zamu ya bembea, kugombana na kupatana.

Tanzania Bara, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima, na shule za serikali hazitozi ada. Kenya ni miaka miwili, PP1 na PP2, chini ya serikali za kaunti. Tatizo ni msongamano. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumwendea kila mmoja na vizibo vyake, basi anaishia kuwaimbisha kwa pamoja. Simlaumu.

Ukitafuta shule, nenda asubuhi masomo yakiendelea. Tazama kama vifaa viko mikononi mwa watoto au vimepangwa juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Kagua choo: mtoto mdogo anakimudu? Binafsi, shule inayojisifu kwa mitihani ya watoto wa miaka minne ningeipita.

Nyumbani, mtume akuletee vitunguu vitatu, apange sahani kwa idadi ya walaji, na muulize leo amecheza na nani, wakafanya nini. Msimulie hadithi kwa lugha mnayoongea, iwe Kiswahili au Kisukuma. Asiyeitika anapoitwa kwa nyuma, au anayesogeza kitabu karibu na pua, mpeleke kituo cha afya apimwe masikio na macho kabla hajaitwa mzito wa kuelewa.