Somo la Ushonaji: Kufunga Ukingo wa Mfarishi wa Pembe Sita

Mama mmoja alituletea mfarishi wake hapa Kakamega ili tuutazame. Alikuwa ameushona jioni baada ya jioni karibu mwaka mzima, kwa mabaki ya vitenge aliyopewa na mafundi wa sokoni, apate kumpa binti yake aliyekuwa akienda shule ya bweni. Vipande vya katikati vilikuwa vizuri kabisa. Lakini ulipofuliwa mara ya kwanza tu, vipande vya pembeni vilianza kuachana, na shule ilikuwa ifunguliwe baada ya wiki mbili.

Kosa lilikuwa nini? Aliona ukingo una meno kama msumeno, akachukua mkasi akayakata yawe sawa. Mkasi ule ulikata pia uzi wa kila mshono uliofika pembeni, na uzi uliokatwa hauna fundo la kuuzuia. Maji na kusugua vikamaliza kazi.

Kila kona ya kipande cha pembe sita ni digrii 120. Kona tatu zikikutana hutimiza digrii 360, kwa hiyo hapabaki nafasi, kama katika sega la nyuki. Lakini pembeni hakuna kipande jirani, na meno lazima yatokee. Basi ziko njia mbili za kuyamaliza.

Kwanza, tayarisha kazi. Piga pasi ukingo kabla ya kutoa karatasi za vipande vya pembeni, kisha zitoe na ukunjue mikunjo ya nje. Tandaza bitana, juu yake blanketi kuukuu lililo safi, na juu kabisa vipande vyako. Piga bandi kutoka katikati kwenda nje, tabaka zote tatu zishikane.

Njia ya kwanza: ukingo ulionyoka. Piga mstari wa chaki unaopita ndani ya mabonde ya meno. Shona juu ya mstari huo kwa cherehani, au kwa mkono ukirudisha sindano nyuma kila hatua. Rudia mara ya pili. Baada ya hapo tu ndipo ukate, robo inchi nje ya mshono. Kumbuka: shona kwanza, kata baadaye. Funga kwa utepe wa kitambaa uliokatwa wima.

Njia ya pili: kuyaacha meno. Hapa utepe sharti ukatwe hanamu, yaani kwa mshazari wa digrii 45, kwa sababu kitambaa kilichokatwa hivyo hunyumbulika na kukubali kupinda. Upana uwe inchi moja na robo. Punguza blanketi na bitana zilingane na meno, kisha fuata hatua hizi:

1. Laza utepe juu ya mfarishi, uso kwa uso, ushone robo inchi kutoka ukingoni.
2. Ukifika kwenye ncha, simama robo inchi kabla ya mwisho, kaza uzi, kunja utepe kidogo pale konani, kisha endelea upande wa pili.
3. Ukifika kwenye bonde, piga mkasi kidogo katika tabaka za mfarishi, usifike kwenye mstari wa mshono. Vuta bonde linyooke, ushone kupita.
4. Pindua utepe nyuma, kunja robo inchi ndani, na ushone pindo kwa mkono juu ya bitana. Mishono isitokee upande wa juu.

Utepe kiasi gani? Meno hurefusha safari. Mfarishi wa futi 5 kwa 6 una mzunguko wa futi 22. Ukiacha meno, ongeza thuluthi moja, upate kama futi 30, yaani yadi 10. Tayarisha yadi 11, maana viungo navyo hula kitambaa.

Mama yule tulimshauri afumue safu ya nje yote, aitupe, na aanze upya kwa njia ya kwanza. Mfarishi ulipungua kidogo, lakini binti aliondoka nao. Usiku wa Julai Kakamega una baridi, na blanketi moja halitoshi.

Tangu Maendeleo ya Wanawake ilipoanzishwa mwaka 1952, akina mama wa Kenya wamefundishana ushonaji katika vyama vyao. Somo hili lafaa kujaribiwa huko kwa kipande kidogo, kabla ya kugusa kazi kubwa.

Maswali ya kujipima:
1. Kwa nini mshono huja kabla ya mkasi?
2. Kwa nini utepe wa meno hukatwa hanamu?
3. Mfarishi wa futi 4 kwa 5 wenye meno wataka utepe wa futi ngapi, kabla ya kuongeza wa viungo?

(Jibu la tatu: futi 24.)