Kamera ya Mtesaji: Filamu Zinavyoichunguza Propaganda ya Vita

Picha iliyopigwa kwa ajili ya propaganda yaweza kuwa ushahidi wa historia?

Yaweza, ila kwanza humshuhudia aliyeipiga. Mei 1942 Wanazi walipeleka wapiga picha katika geto la Warsaw, ambamo walikuwa wamewafungia Wayahudi zaidi ya 400,000. Baada ya vita, mikanda yao ya takriban saa moja, isiyo na sauti, ilipatikana katika hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani Mashariki, na kwa miongo kadhaa watengenezaji wa filamu waliichota kana kwamba inaonyesha maisha ya geto yalivyokuwa. Mwaka 1998 vikajulikana vipande vilivyoachwa nje ya mikanda ile. Humo watu waliovaa vizuri wanapitishwa mbele ya wenye njaa, kisha wanarudishwa na kupitishwa tena, mpaka mpiga picha aridhike. Njaa ilikuwa ya kweli; uongo ulikuwa katika mpangilio, uliotaka tuamini kwamba Wayahudi wenye nacho ndio waliowaacha wenzao wafe, na si Wanazi waliowanyima chakula wote.

Filamu ya hali halisi inaufichuaje uongo wa namna hiyo?

Mwongozaji Yael Hersonski, katika *A Film Unfinished* ya mwaka 2010, hakutegemea sauti ya msimulizi pekee kuikanusha mikanda hiyo. Aliiweka mbele ya mashahidi. Kuna shajara ya Adam Czerniaków, mkuu wa Baraza la Wayahudi la geto, aliyeandika jinsi wapiga picha walivyoingia hata nyumbani kwake. Kuna maelezo ya Willy Wist, mmoja wa walioshika kamera. Kuna pia manusura wanaoitazama mikanda na kusema wanachokikumbuka. Mtazamaji anaona ushahidi ukigongana na picha, naye anapewa nafasi ya kupima mwenyewe.

Lakini si Hersonski naye anatushawishi? Maelezo ya Wist yanaigizwa na mwigizaji, na kila filamu huhaririwa.

Ni kweli, na hoja hiyo isipuuzwe. Hakuna filamu isiyoshawishi, na kushawishi peke yake si kosa. Tofauti imo katika kile anachoachiwa mtazamaji. Tazama mfululizo wa *Why We Fight*, ambao Frank Capra aliusimamia kwa ajili ya jeshi la Marekani kuanzia 1942. Alizichukua picha ambazo Leni Riefenstahl alizipiga kuutukuza mkutano wa Wanazi wa Nuremberg, akazibandikia msimulizi wake, na fahari ikageuka tishio. Vita dhidi ya Unazi vilikuwa vya haki. Hata hivyo, mtazamaji alipewa hitimisho bila nyenzo za kulikagua, na njia hiyo yaweza kutumiwa vilevile na mwenye nia mbaya. Hersonski anatuonyesha viungo vya ushawishi, vikiwemo vile vinavyoweza kutumiwa kumhoji yeye mwenyewe.

Kuzionyesha tena picha za geto si kuwadhalilisha watu waliopigwa picha kwa lazima?

Pingamizi hili ndilo zito kuliko yote, maana watu wale hawakuombwa idhini. Lakini picha zimekwisha kusambaa, na kuzificha leo hakufuti miaka ambayo zilipokelewa kama ukweli. Heshima wanayostahili ni kurudishiwa yale yaliyoachwa nje ya fremu: amri waliyopewa, bunduki zilizowazunguka, na kwamba tarehe 22 Julai 1942 Wanazi walianza kuwasafirisha watu wa geto hilo kwenda kuuawa katika kambi ya Treblinka.

Basi mtazamaji aanzie wapi?

Aulize nani alishika kamera, kwa agizo la nani, na kipi kilikatwa. Filamu isiyomsaidia kujibu maswali hayo asiiamini upesi, hasa inaposema jambo ambalo tayari analiunga mkono, kwa kuwa hapo ndipo ukaguzi wake unapolegea na propaganda hupata mlango.