Paka wa Ghalani Naye Ana Sikukuu: Mlinde Kabla Fataki Hazijaanza

Desemba imefika. Wageni wanashuka Bunda mjini kutoka Mwanza na Dar, kuku wanachinjwa, spika zinatolewa nje. Leo tumzungumzie mfanyakazi asiyedai mshahara: paka wa ghalani.

Najua kuna atakayecheka. Sasa piga hesabu. Umeweka mahindi kwenye mifuko ya kinga njaa ukisubiri bei ipande. Mfuko ule unaua dumuzi kwa sababu hewa haiingii. Panya akitoboa tundu moja tu, hewa inapita, dumuzi anapona, na mahindi yako yanageuka vumbi. Paka ndiye anayezuia tundu hilo.

Mimi nilijifunza kwa kuumia. Mwaka juzi, mkesha wa Mwaka Mpya hapa Manyamanyama, fataki zilipoanza kulia paka wangu alitoka mbio gizani. Siku ya tatu nilimkuta kando ya barabara, amegongwa. Kufika Februari, mifuko minne ilikuwa imetobolewa. Kumfungia ndani usiku ule kusingenigharimu hata shilingi.

Kwa nini anakimbia?

Masikio ya paka hunasa sauti nyembamba ambazo sisi hatuzisikii, kwa hiyo mlipuko unaokushtua wewe kidogo, yeye unamtia kiwewe. Tena paka ni mtu wa mazoea. Sura ngeni, watoto wa kumkimbiza, vitu kuhamishwa, vyote vinamvuruga. Akiogopa anatafuta kona ya kujificha. Kazi yako ni kumpa kona hiyo mapema.

Fanya hivi

1. *Andaa chumba wiki moja kabla.* Weka boksi lililolazwa ubavu, ndani yake nguo yako kuukuu yenye harufu yako. Weka maji, na beseni la mchanga mkavu mbali na chakula. Mlishe humo kila jioni ili azoee. Usitumie stoo yenye viuatilifu au vidonge vya kufukizia nafaka.

2. *Mfungie kabla jua halijazama,* tarehe 24 na 31. Funga madirisha, washa redio kwa sauti ya chini. Akijificha usimvute wala kumpiga. Waambie watoto wa wageni chumba kile hakifunguliwi.

3. *Usitege sumu ya panya* eti nyumba iwe safi wageni wakifika. Paka akila panya mwenye sumu, naye anaweza kufa. Tumia mitego. Vilevile, usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe au ya viroboto vya mbwa. Nyingi zina kemikali kama permetrini, ambazo mwili wa paka haziwezi. Panadol nayo ni sumu kwake.

4. *Mabaki ya karamu.* Mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, inamchoma kooni na tumboni. Miiba ya sangara ni hivyo hivyo. Nyama iliyoungwa vitunguu na kitunguu saumu usimpe. Mtengee minofu kabla hujaunga.

5. *Chanjo ya kichaa cha mbwa, kila mwaka.* Jina lisikudanganye, paka naye anaugua na anaambukiza. Paka mwenye hofu anang'ata. Mgeni aking'atwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, halafu mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Msisubiri sikukuu iishe.

Dalili za kumwita daktari wa mifugo

Anatokwa mate, anatetemeka, anahema mdomo wazi, au hajala siku mbili. Hilo la mwisho watu hulipuuza, kumbe paka akikaa siku kadhaa bila kula mafuta hujaa kwenye ini na linaweza kumuua. Tafuta namba ya daktari leo, kwa sababu tarehe 25 kumpata ni shughuli.

Kelele zikiisha, mfungulie asubuhi kabla hajala, ili njaa imrudishe nyumbani.

Kijana, unafunga ghala kwa kufuli kumzuia mwizi wa miguu miwili. Wa miguu minne hajali kufuli, anamwogopa paka. Basi mkesha ukifika, hakikisha paka yuko ndani kwanza, ndipo uende kusherehekea.

Heri ya sikukuu!